Mtambo wa santuri kwa mshiko wa kuungaunga

Msomaji wangu, leo sina umbea wa mtu. Leo nimejileta kizimbani mwenyewe. Mwaka juzi, usiku wa Jumamosi moja ya mwezi wa nne, nikiwa na akili zangu timamu na sijaonja kitu, niliiua santuri ya babu yangu mzaa mama. Sikuivunja wala sikuikalia. Niliipiga tu, mara saba mfululizo, huku nacheza peke yangu chumbani na kanga kiunoni. Kila nilivyozidi kucheza ndivyo nilivyozidi kuichimbia kaburi.

Kabla hujanihukumu, ngoja nikupe mkanda mzima.

Babu anakaa Mji Mpya, Morogoro. Ana miaka themanini na ushei, na kwa utani wetu wa babu na mjukuu mimi ndiye mke wake mdogo, kwa hiyo siri zake nazipata kabla ya wengine. Siku moja nimekwenda kumsalimia, akaniambia nivute kasha la mbao chini ya kitanda. Nikalivuta. Ndani, zimefungwa kwenye magazeti ya zamani, santuri thelathini na nane. Nyingi ni zile ndogo za nyimbo mbili, wimbo huku na wimbo kule. Kubwa zilikuwa sita. Na chini kabisa mbili nzito kama vigae, za marehemu mama yake, mahadhi ya taarabu.

Mara ya mwisho zilipigwa miaka ya themanini. Radiogramu yake iliishiwa sindano, na sindano zilikuwa hazipatikani. Unajua tena miaka ile, hata sabuni ilikuwa ya foleni. Radiogramu ikageuzwa kabati la vyombo, na muziki ukaishia hapo.

"Mke wangu," akaniambia, "macho yameshaniaga. Masikio bado yananivumilia vumilia. Nitafutie namna nizisikie hizi kabla na yenyewe hayajaaga."

Nikasema sawa babu. Jeuri ya ujana hiyo! Sikujua nasema sawa kwa kitu gani.

Maana mimi ni nani? Mimi nalipwa kwa makala, ikitoka napata, isipotoka nanywa uji. Nimepanga chumba kimoja Buguruni, umeme wa Luku tunachangia wapangaji wanne, na kila mwenye kupasi nguo anaangaliwa kama mwizi. Mchezo wa santuri siku hizi ni mchezo wa wenye nazo. Wenzetu Wamarekani mwaka 2022 walinunua santuri zipatazo milioni 41 dhidi ya CD milioni 33, mara ya kwanza tangu 1987 santuri kuizidi CD kwa idadi. Hata ile mashine maarufu ya madijei, Technics SL-1200, iliyoanza kuuzwa mwaka 1972 na ikasimamishwa 2010, kiwanda kilijikuta kinairudisha 2016 kwa jinsi watu walivyoililia. Huko kijana anaingia dukani, anachagua, anafungiwa kwenye boksi, anaondoka. Mimi niliingia Gerezani.

Usiku wa makosa manne

Gerezani kila kitu kipo ila risiti. Nikaikuta mashine ya Kijapani, ya mtumba, imekaa chini ya rundo la deki za video. Jina lake nalihifadhi, haina hatia. Muuzaji akaichomeka, lile sinia la juu likazunguka. "Inazunguka, dada yangu, unataka nini tena?" Nikaomba tujaribu na santuri. Akatoa moja iliyochubuka, akaweka sindano, sindano ikaruka kama panzi. Wala hakushtuka. Akachukua sarafu ya shilingi mia, akaibandika kwa solotepu juu ya kichwa cha mkono. Sindano ikatulia. "Baa zote zamani walikuwa wanafanya hivi." Tukapatana Sh. 90,000 pamoja na sarafu yake.

Na kitu kingine akanifungia, transfoma ya kushusha umeme, Sh. 35,000, kwa sababu umeme wa majumbani Japani ni volti 100 na wetu ni 230. Hapo nampa haki yake, aliniambia ukweli. Ukichomeka mashine ya Kijapani moja kwa moja ukutani kwetu unapata moshi badala ya muziki.

Nikafika nyumbani, nikaunganisha na kile kisabufa changu cha kusikilizia simu, nikachagua santuri moja ya Morogoro Jazz, ya enzi ambazo Mbaraka Mwinshehe alikuwa bado nao. Sauti ikatoka. Msomaji, nililia. Ilikuwa ndogo kama mbu ndani ya chupa, ikabidi nifungue sabufa mpaka mwisho. Kulikuwa na mvumo nyuma yake, vuuuu, usiokoma. Mwimbaji alikuwa anaimba taratibu kama ndiyo kwanza anaamka, nami nikajiambia labda ndivyo wazee walivyokuwa wanaimba, hawakuwa na haraka ya maisha. Lakini ilikuwa sauti ya santuri ya babu, chumbani kwangu, Buguruni! Nikairudia mara saba.

Asubuhi nikaona kwenye ncha ya sindano kuna vumbi jeusi kama wanja. Nikalipuliza. Jioni nikaipiga tena ile santuri, na pale penye saksafoni pakawa hapana saksafoni, pana mtu anakaanga dagaa.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo hela yako ilipo. Usiku ule nilikuwa na makosa manne kwa mpigo. Sauti ilikuwa ndogo, mvumo ulikuwepo, spidi ilikuwa siyo, na sindano ilikuwa mbovu. Matatu ya kwanza yanaudhi masikio tu. Santuri ikipigwa polepole haidhuriki, ikipigwa kwa sauti ndogo haidhuriki, hata ukiipigia kwenye spika ya bati haidhuriki. Kesho ukipata hela utaipiga vizuri na itakuwa vilevile. Lakini la nne halina kesho. Sindano mbovu inakula santuri, na kilicholiwa hakirudi.

Mimi kwa ujinga wangu nilikuwa nimeshaanza kuulizia bei za spika.

Jembe

Nilimpelekea fundi saa mmoja wa Kariakoo, kwa sababu nilijua ana kile kioo cha kubandika jichoni. Akaitazama sindano, akaigeuza, akanitazama mimi. "Hii ulikuwa unalimia nini?" Akanipa kioo nione mwenyewe. Sindano nzima inatakiwa iwe na ncha ndogo ya almasi iliyochongwa ikawa duara laini. Yangu ilikuwa imekatika, imebaki kipande chenye makali upande mmoja. Mifereji ya santuri ni myembamba kama unywele, na muziki ni yale mawimbi madogo madogo kwenye kuta za mfereji. Weka jembe humo halafu likandamize na sarafu, unategemea nini?

Na sarafu yenyewe. Nilinunua kimizani kidogo cha dijitali, kama vile vya masonara, Sh. 15,000. Hicho, msomaji, ndicho kitu cha kwanza nilichotakiwa kununua maishani mwangu. Sindano nyingi za kawaida za siku hizi zinataka uzito wa gramu moja na nusu hadi tatu na nusu, inategemea aina, na kiwanda huandika kwenye karatasi. Sarafu peke yake ilikuwa inazidi gramu tano, juu ya uzito ambao mkono ulikuwa nao tayari. Nyuma ya mkono wa mashine kuna chuma cha duara kinachozungushwa kwenda mbele na nyuma, kazi yake ni hiyo tu, kupanga uzito. Kwenye mashine yangu kilikuwa kimesukumwa mpaka mwisho na kuganda kwa kutu. Matone mawili ya mafuta ya cherehani yakakiamsha. Usije ukadhani mzito ndiyo salama na mwepesi ndiyo bora. Ukipunguza mno, sindano inadundadunda mferejini na kugonga kuta, nayo inaharibu vilevile. Weka alichoandika mwenye sindano, basi.

Nikaanza kuweka kibubu. Elfu tano ikipatikana ndani, elfu mbili ndani, chenji ya daladala ndani. Kwa wiki saba sikugusa santuri hata moja, nilikuwa naziangalia tu kama mtu aliyefungiwa ndoa ya mbali. Kaka mmoja jirani anafuata mzigo Dubai, nikampa Sh. 70,000 aniletee kichwa kipya na sindano yake, Audio-Technica AT3600L. Ni cha bei ya chini, ndicho kimefungwa kwenye mashine nyingi za bei poa duniani. Wajuzi wa Ulaya wanakidharau kidogo. Mimi nakiheshimu, maana kinapita kwenye makovu ya santuri za zamani bila kelele nyingi, na sindano yake ikichakaa unachomoa hiyo tu, unapachika nyingine, huhitaji kununua kichwa kizima.

Hapo ndipo nikagundua kwamba pamoja na ujinga wangu wote nilikuwa nimebahatika. Mashine yangu ina kichwa cha kufungua kwa skrubu mbili, na nafasi kati ya skrubu hizo ni nusu inchi, ambayo ndiyo kipimo cha kawaida cha vichwa vingi. Ukienda Gerezani, au popote, tazama hilo kwanza. Tazama skrubu mbili mbele na chuma cha kuzungusha nyuma. Vikiwepo hivyo viwili, hata kama mashine imechakaa namna gani, unaweza kuijenga kidogo kidogo mwaka mzima. Zile za kijisanduku zinazofanana na briefkesi, zenye spika humo humo, nyingi hazina kimojawapo, na spika inatikisa kibanda kile kile ambacho sindano imekalia. Kwa santuri mpya ya kufurahisha wageni sikukatazi. Kwa ya babu, hapana.

Mia moja kwa dakika tatu

Sindano mpya ikafungwa, uzito ukapangwa gramu tatu kasoro kidogo, na mashine nikaisawazisha kwa pima maji niliyoazima kwa fundi mwashi anayejenga jirani. (Alidhani naezeka.) Sauti ikawa safi, lakini mwimbaji bado hajaamka.

Njia ya kupima spidi haina gharama. Kata kipande cha karatasi, kibandike ukingoni mwa sinia, washa saa ya simu, hesabu. Santuri kubwa huenda mizunguko 33 na theluthi moja kwa dakika, maana yake kwa dakika tatu karatasi inatakiwa ipite mbele yako mara 100 kamili. Yangu ilipita mara 83.

Nilihangaika na hiyo 83 siku nyingi. Nikabadilisha mkanda wa mpira unaozungusha sinia, Sh. 8,000, maana wa zamani ulikuwa umelegea kama lastiki ya kaptula. Ikabaki 83 vilevile. Fundi redio mmoja akataka kuifungua mota, nikamwahi. Ni fundi mwingine, mzee mtaratibu wa Ilala, aliyeniuliza swali moja tu. "Hii ilitoka Japani ya upande gani?" Nikadhani ananitania. Kumbe Japani ina umeme wa aina mbili, mashariki yake inatumia hezi 50 na magharibi hezi 60. Mota za namna hii hazijali volti ni ngapi, zinafuata hezi, na umeme wetu Tanzania ni hezi 50. Mashine iliyowekewa puli ya hezi 60 ikija kwetu inapungua spidi kwa sehemu moja ya sita. Piga hesabu, 100 ukitoa sehemu ya sita unapata 83 na chenji. Nilitamani kumkumbatia yule mzee. Transfoma inashusha volti tu, hezi haizigusi.

Dawa ni puli nene zaidi, kwa kila milimita kumi unataka kumi na mbili. Nikaenda kwa fundi wa kukereza vyuma. Watu wanapeleka pale shafti za malori, mimi nimeshika kitu kinachotosha kwenye kidole. "Dada, hii ya pikipiki ya mtoto?" Akakereza kwa Sh. 12,000, ngazi mbili, ya 33 na ya 45. Nikahesabu nikapata 103. Nikamrudishia, akapitisha msasa laini, 101. Akapitisha tena. Tulisimama pale mimi, yeye na dereva mmoja wa Fuso aliyekuwa anasubiri shafti yake, wote tunahesabu kwa sauti kama watoto wa chekechea. Tisini na nane, tisini na tisa, mia! Dereva akapiga makofi.

Usiku ule Morogoro Jazz waliamka. Kumbe wazee walikuwa na haraka ya maisha bwana.

Nyuki

Nilibaki na sauti ndogo na mvumo. Mama mwenye nyumba alishaniuliza mara mbili kama nimefuga nyuki.

Hapa wengi wanapotea, wanakimbilia kununua sabufa kubwa. Tatizo haliko kwenye ukubwa. Kichwa cha santuri kinatoa umeme mdogo sana, kama elfu nne au tano za sehemu ya volti, yaani milivolti 4 au 5, wakati mashine ya CD inatoa mpaka volti mbili. Hiyo ni kama mara mia nne. Na si udogo tu. Santuri inapochongwa, besi hupunguzwa ili mifereji isipanuke mno, na sauti kali huongezwa ili zishinde mkwaruzo. Wakati wa kupiga lazima kuwe na kifaa kinachogeuza mambo kinyume, besi ipande na ukali ushuke, kwa kipimo kile kile. Kipimo hicho wenye viwanda walishakubaliana tangu miaka ya hamsini, kinaitwa RIAA. Ndiyo maana ukichomeka kwenye AUX ya sabufa unapata mbu.

Kuna vijisanduku vidogo vinavyouzwa kwa kazi hiyo peke yake. Mimi nilipenda amplifaya ya zamani yenye tundu limeandikwa PHONO, maana hizo zina kifaa hicho ndani, na amplifaya nilikuwa naihitaji hata hivyo. Ila bei! Mtumba wake uliniangukia Sh. 180,000, na kibubu hakifiki huko. Iliyonisaidia ni mchezo. Tuko wanawake kumi pale mtaani, tunatoa elfu ishirini kila wiki, anayefikiwa na zamu anabeba laki mbili. Zamu yangu ilikuwa ya saba. Wenzangu walinunua godoro, mtungi wa gesi, mwingine alilipa ada. Mimi nikarudi na chuma cha kilo nane kisichopika wala kufua, wakanitazama kwa huruma. Mama mwenye nyumba akasema wacheni, huenda ana mchumba mwanamuziki.

Na nyuki walikuwa suala la uzi mmoja. Nyuma ya mashine kuna waya mwembamba wa peke yake, mwishoni una kikoleo kama uma mdogo, na nyuma ya amplifaya, pembeni ya PHONO, kuna skrubu imeandikwa GND. Funga huo hapo. Nilifunga, nikasikia kimya. Mwaka mzima nimekaa na nyuki kwa sababu ya uzi uliokuwa unaning'inia mbele ya macho yangu.

Spika ndizo zilifuata mwisho, jozi ya mtumba, Sh. 60,000, moja imechanika kitambaa cha mbele na mpaka leo sijakishona. Jumla yote, ukihesabu na mashine na transfoma, imekuja Sh. 470,000, kwa miezi kumi na minne. Ningeanza na spika ningekuwa nimemaliza kuziua zote thelathini na nane, tena kwa sauti kubwa ya kupendeza.

Kwa nini nisinunue nyingine

Mtu atauliza, santuri moja tu, si ununue nyingine? Nami niliuliza hivyo. Santuri nyingi za bendi zetu zilichapwa Nairobi. Redio Tanzania ilikuwa inarekodi bendi kwenye tepu zake, lakini tepu zilibaki redioni, na mwenye kutaka santuri ilibidi afuate mitambo ya Kenya. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, mpaka ukafungwa, haukufunguliwa mpaka 1983. Mbaraka mwenyewe alifia Mombasa kwa ajali ya gari, Januari 1979. Zilizochapwa zikapigwa kwenye mabaa mpaka zikaisha, zilizobaki ziko chini ya vitanda vya akina babu. Nairobi, Soko la Kenyatta, kuna mwenye kibanda cha santuri anayefuatwa na watu kutoka Ulaya, na Wazungu wamezirudia baadhi ya nyimbo za huku kwa santuri mpya, kama Soundway ya Uingereza na mkusanyiko wao wa Kenya Special wa mwaka 2013. Niliagiza mtu anitazamie Nairobi. Hakuipata. Huenda ipo kwa mtu, chini ya kitanda.

Ndiyo maana nazo nazitunza kama mayai. Naziosha kwa maji ya vuguvugu na tone moja la sabuni ya vyombo, kwa brashi laini, karatasi ya katikati haiguswi na maji. Nazisimamisha wima, hazilali. Na haziachwi kwenye daladala lililoegeshwa juani, jua la Dar linaikunja santuri kama chapati.

Upande upi?

Mwezi wa sita mwaka uliofuata nikapeleka mtambo Morogoro. Mkono wa mashine nimeufunga kwa raba bendi usipigepige, sinia nimelitoa na kulifunga kwenye kanga, mashine nimepakata mwenyewe toka Mbezi mpaka Msamvu. Amplifaya na spika konda alinilipisha nauli ya mtu mzima. Nikamwambia basi wape na siti, akacheka, ila hela akachukua.

Nikaviunganisha sebuleni juu ya ile ile radiogramu iliyogeuka kabati. Babu ameketi, mkono kwenye fimbo, uso umeelekea mlangoni kwa sababu haoni nilipo. Nilikuwa nimepanga kumwambia mwishoni, akishafurahi. Nikashindwa. Nikamwambia kwanza. Babu, ile ya Morogoro Jazz nimeiharibu, sindano ilikuwa mbovu nami sikujua, nimetafuta nyingine mpaka Nairobi hakuna.

Akanyamaza. Kuku mmoja akaingia, akatoka.

"Upande upi?"

"Wa kwanza, babu."

"Wa kwanza redio waliupiga mpaka tukauchoka. Geuza."

Nikageuza. Msomaji, kwa miezi kumi na minne sikuwahi kuusikiliza upande wa pili, kwa hofu. Nikashusha sindano, gramu tatu kasoro. Gitaa likaingia, halafu sauti. Babu akavuta kiti mpaka spika ikawa karibu kumgusa sikio, ile iliyochanika kitambaa. Ulipoisha akanyoosha kidole akikizungusha hewani, yaani tena. Tukaurudia. Mara ya tatu akaanza kunieleza ukumbi gani, alivaa nini, na alikuwa na nani, na huyo nani hakuwa bibi, kwa hiyo naishia hapo.

Tulipiga mpaka jioni, Luku ikakata, kijana wa jirani akakimbia kununua umeme kwa hela yake mwenyewe. Santuri tatu zilikuwa zimepinda hazipigiki. Nyingine zote ziliimba, zenye mikwaruzo na zisizo na mikwaruzo.

Zilibaki mbili, zile nzito za mama yake. Akaziulizia. Hizo ni za mizunguko 78, za aina ile ile aliyorekodia Siti binti Saad huko Bombay mwaka 1928, na mifereji yake ni mipana mara kadhaa kuliko ya santuri za baadaye. Sindano yangu humo inaburuzika chini ya mfereji kama kiatu cha mtoto kwenye mguu wa mkubwa. Zinataka sindano yake pana, zinataka puli ya ngazi ya tatu, na hata kuzisafisha haziguswi na spiriti, zinayeyuka. Mimi nimeshakuwa mjanja, sikujaribu.

"Kwa hiyo?" akauliza.

"Kwa hiyo subiri kidogo, babu."

"Subiri ya lini hiyo?"

Yule kaka wa Dubai nimeshampa oda ya sindano. Fundi wa kukereza anasema ngazi ya tatu ataweka bure ilimradi nimwite siku ya kuhesabu. Zamu yangu ya mchezo, safari hii, ni ya tatu.